Debe Miguuni, Gunia la Usipa Mkononi

Mwanangu wa kwanza, msichana, aliumwa na mbwa akiwa njiani kwenda shule, wiki ya tatu tangu aanze darasa la kwanza. Nalisema hili mwanzoni kwa sababu watu wa kwetu wanapoisimulia habari hii huanza na kicheko. Huanza na mimi nikitembea nimevaa debe, na mtoto wanamsahau. Mimi sijamsahau. Alikuwa na matundu manne nyuma ya mguu wa kushoto, mawili juu na mawili chini, na alirudi nyumbani akichechemea huku bado ameshika fagio lake la kufagilia darasa, maana aliogopa kwamba akilipoteza nitamchapa.

Aliumwa ndani ya ua wa ghala la kahawa. Nieleze ghala hilo. Lipo mahali ambapo mgongo wa mlima wetu unabana, huku bonde na huku bonde, kwa hiyo mtu yeyote anayetoka kwetu kwenda shule, zahanati au kanisani hupita katikati ya ua wake. Haikuwa njia ya panya, ndiyo njia yenyewe. Zamani ghala lilikuwa la chama cha ushirika. Mama mkwe wangu alibeba mawe ya msingi wake kichwani, yeye na wanawake wenzake, siku za kazi za kujitolea, na kijiji kilikubali lijengwe pale kwa sharti kwamba watu waendelee kupita. Sharti hilo hakuna aliyeliandika. Nani angehangaika kuandika wakati kila mtu alikuwa anapita?

Kisha soko la kahawa likafunguliwa kwa yeyote mwenye fedha. Chama kikalegea, ghala likakodishwa kwa mnunuzi binafsi, mtu wa mjini mwenye gari la turubai jipya na mizani inayong'aa. Akazungusha seng'enge, akaweka geti upande huu na geti upande ule, na ndani akaweka mbwa wawili wa rangi ya udongo, vichwa vikubwa kama vya ndama. Mchana mageti yalikuwa wazi kwa ajili ya wenye kahawa, na mbwa nao hawakufungwa. Ukija na gunia la kahawa kichwani, mlinzi aliwashika mbwa kwa mikanda yao ya shingoni mpaka upite. Ukija na daftari na fagio, ulijua mwenyewe.

Nilimpeleka mtoto hospitali mjini Mbinga, akachomwa sindano za kichaa cha mbwa, moja baada ya nyingine, siku walizopanga, mpaka zikaisha. Mguu ukapona. Lakini hakutaka tena kuliona lile geti. Akawa anazunguka: anateremka hadi kijitoni, anavuka, anapanda mlima wa pili katikati ya mashamba ya watu. Mtu mzima huko anatumia saa nzima, na masika huteleza. Alifika shule wenzake wakiwa wamemaliza somo la kwanza, akapewa adhabu. Kesho yake tena. Siku moja nilishuka kijitoni kufua nikamkuta amekaa juu ya jiwe, saa nne asubuhi, sare yake safi kabisa.

"Unafanya nini hapa?"

"Nawasubiri wenzangu warudi, nirudi nao."

Nilimuuliza amekuwa akisubiri hivyo siku ngapi. Akahesabu vidole vya mkono mmoja, akahamia wa pili. Mimi nilisoma mpaka kidato cha nne, nikiwa wa kwanza katika ukoo wetu kwa upande wa wasichana. Na hapo mbele yangu mwanangu alikuwa anajifunza kuacha shule, kwa adabu, bila kumsumbua mtu.

Nikaenda kwa mtendaji wa kijiji siku hiyohiyo, mtoto wa pili mgongoni.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mama. Nimesikia habari za mtoto. Pole."

Nikamwambia pole haifungi mbwa. Akavuta kiti, akaniuliza nina ushahidi gani kwamba ni mbwa wale.

"Mguu wa mtoto."

"Mguu hausemi umeumwa na mbwa gani, mama. Mbwa ni wengi kijijini. Na yule bwana anasema mbwa wake hawamgusi mtu asiyewachokoza. Watoto wanawarushia mawe, wanakwenda na fimbo."

"Wangu alikuwa na fagio."

"Fagio nalo lina mpini," akasema.

Nyumbani mume wangu alikuwa anageuza kahawa kwenye vichanja. Nilipomaliza kumsimulia hakuinua kichwa. "Ukimkasirisha yule mtu," alisema, "msimu huu atasema kahawa yetu ina unyevu."

"Ina unyevu?"

"Haina. Lakini mwenye kupima ni yeye."

"Na mtoto ni wa nani?"

Akahamia kichanja cha pili, kahawa ambayo alikuwa ameigeuza sasa hivi.

Mimi si mtu wa milimani. Nilizaliwa Chiwanda, ziwani, nikaolewa huku juu. Kwetu mamba walikuwepo, wanakuja mpaka pale wanawake wanapochota maji. Wazee wetu walisimamisha miti mirefu ndani ya maji, mti kwa mti, wakaacha kidimbwi katikati, na sisi wasichana tulichota humo tukiimba. Mamba alibaki nje. Haikumwingia mtu akilini kumwambia binti azunguke akachote ziwa lingine. Nilipokuwa nimelala nikifikiria mbwa wale, hilo ndilo lililonichoma: kwamba huku anayeuma ameachiwa, na anayeumwa ndiye anayeelekezwa njia ya mbali.

Nikaamua nitapita. Sikuweza kubeba fimbo wala jiwe, maana ningekuwa nimechokoza. Ilibidi nipite mikono mitupu, mchana kweupe, nitoke upande wa pili mzima, na nitoke na alama za meno kwenye kitu ambacho kisingeweza kuzipata kwingine. Kwa hiyo nilihitaji kitu cha kuvaa. Nilihitaji ngao ya mwili mzima, na nyumbani kwangu kulikuwa na masufuria, madebe, mikeka na nguo za mtumba.

Mama mkwe ndiye niliyemwambia kwanza. Nilidhani atanifukuza. Alitema ganda la muwa, akasema, "Utajuaje kama kinazuia, kabla hujaumwa?"

"Sijui, mama."

"Mnafundishwa nini huko sekondari?"

Akaingia jikoni, akatoka na ukuni mnene kama mkono, akapigilia misumari minne mirefu kichwani mwake, miwili juu, miwili chini. Aliuita Meno. Kisha akaelekeza mgomba uliokwisha kuzaa nyuma ya nyumba, ambao ulikuwa ukisubiri kukatwa. "Huo ndio mguu wako," alisema. "Uvalishe."

Mgomba ni laini na una maji, ukiuchoma unakuonyesha tundu. Tukafanya kazi pale siku nne, kila tulipotoka shambani.

Tulianza na suruali ya jinzi, mtumba mgumu ambao mume wangu alijivunia. Mama mkwe alirudisha mkono nyuma, akapiga. Matundu manne, na maji yakatiririka. Tukaweka jinzi mbili. Matundu manne, ila mafupi. Tukazungushia kipande cha mkeka: mara mbili ulishika, mara ya tatu ukafumuka. Kifuniko cha sufuria hakikutoboka, lakini misumari iliteleza juu yake ikaingia pembeni, pale ambapo ungekuwa utumbo wangu. Nikachukua ungo.

"Huo ni ungo wangu wa kupetea," alisema mama mkwe.

"Nautazama tu."

Tukaupiga, ukapasuka. Chakula cha usiku alikula amenipa mgongo.

Kilichoshinda kilikuwa debe la mafuta ya kula. Nililikata kwa patasi, nikalinyoosha juu ya jiwe, nikalizungushia mgombani juu ya jinzi. Mama mkwe alipiga, Meno yakaruka na kumrudia. Akapiga tena kwa mikono miwili. Tulipolifungua, debe lilikuwa na mabonde manane na mgomba ulikuwa mkavu. Tulitazamana. Ndiyo mara ya kwanza tangu niolewe kuona meno yake yote.

Basi nikakata debe jingine ambalo halijapigwa, nikafunga vipande viwili miguuni kwa mpira wa baiskeli, kuanzia kifundoni hadi juu ya goti, nikapiga hatua tatu, na ukingo wa bati ukanikata kifundo cha mguu. Mbwa hawajanigusa na tayari navuja damu. Ikabidi kukunja kingo kuzunguka waya, kama mafundi wanavyokunja vibatari. Hapo nikajiona nimekamilika, nikasema nitateremka shambani nijaribu kukimbia.

Shamba letu ni ngoro, kama ya Wamatengo wote. Mteremko wote umejaa mashimo yaliyopangwa safu kwa safu, na katikati yake kuna matuta: mwanamume hulaza nyasi kwa mistari ya kukatana, mwanamke hufukia nyasi hizo kwa udongo, na mvua ikinyesha maji hukaa shimoni badala ya kuondoka na shamba. Mtu aliyezaliwa huku hukimbia juu ya matuta bila kutazama chini. Mimi, hata bila debe, nilikuwa natembea kama kuku juu ya kamba. Nikiwa na debe gotini, goti halikunjiki. Nilikwenda tuta moja, la pili, la tatu likanikataa, nikaanguka chali ndani ya shimo, miguu juu, imenyooka kama mipini ya majembe. Sikuweza kugeuka. Nililala pale nikitazama mawingu.

Mama mkwe alikuja akakaa juu ya tuta, akaweka jembe chini, akajifuta jasho.

"Mimi hizi ngoro nimelima tangu sijaota matiti," alisema. "Nimeotesha mahindi, nimeotesha maharage. Debe bado."

"Mama, nivute."

"Subiri, nitazame kwanza kama linaota."

Tukalikata chini ya goti. Likakaa vizuri.

Ikabaki mikono. Debe mkononi lilinichosha kabla sijafika mlangoni, na mkono ndio niliotaka kuwapa mbwa, maana ni lazima wapewe kitu cha kushika wasifike shingoni. Magunia yalifaa. Magunia ya kahawa tulikuwa nayo, lakini yalikuwa na muhuri wa mnunuzi na mume wangu alisimama mbele yake kama anayelinda benki. Nikachukua magunia yangu mwenyewe, ambayo mama yangu mzazi alinitumia kutoka ziwani yakiwa na usipa, wale samaki wadogo wakavu ambao huku juu tunabadilishana kwa maharage. Nikayakunja mara nne, nikayashona kwa shazia na uzi wa katani, nikapata mikono miwili minene kutoka kidole hadi bega, na kizibao cha kufunika kifua na tumbo. Mgombani, Meno yaliingia safu mbili yakakwama. Yalipochomolewa, ndani hapakuwa na hata mchubuko.

"Sasa mbwa wa kweli," alisema mama mkwe.

Tulikuwa na mbwa mmoja nyumbani, mzee, aliyewahi kuwinda na marehemu baba mkwe. Nilipiga magoti mbele yake, nikamnyooshea mkono wa gunia. Mama mkwe akamwamuru kwa Kimatengo anishike. Yule mbwa akanusa. Akatikisa mkia. Akaushika mkono wangu kwa miguu yake miwili ya mbele, akajilaza juu yake, akaanza kuulamba kwa macho yaliyofumbwa, na kisha kuutafuna pole pole kama mtu anayefyonza mfupa wa sikukuu. Nilipojaribu kuutoa alining'ang'ania, akanifuata hadi mlangoni akiwa ameumeza nusu.

Mama mkwe alishika kiuno. "Wewe Mnyasa," alisema alipopata pumzi, maana ndivyo wanavyotuita watu wa ziwani, "hujashona ngao. Umeshona mboga."

Hapo ndipo nilipoelewa. Magunia yalinuka usipa, na mimi sikusikia harufu hata kidogo. Nilikulia ndani yake. Kwetu usipa huanikwa mchangani na kwenye vichanja, mbele ya nyumba, nyuma ya nyumba, pembeni mwa kitanda mvua ikija. Pua yangu haisikii usipa kama vile sikio langu lisivyosikia lugha ya mama yangu kuwa ni lugha. Mtu yeyote wa milimani angejua tangu shazia ya kwanza.

"Na wewe mama ulijua?"

"Tangu siku unashona. Nyumba yote ilijua."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Nilidhani ni makusudi."

Nilikasirika. Niliyafua kwa majivu, nikayachemsha kwenye pipa, nikayaanika juani, na jua likaleta paka watatu ambao hatujawahi kuwaona. Kwa ghadhabu nikakaa chini, magunia mapajani, paka wakinizunguka, na ndipo nikafikiri vizuri. Sikutaka mbwa wale waniogope. Nilitaka wachague mkono wangu badala ya shingo, na wakishachagua wasibadili mawazo. Nikaingia ndani, nikachukua vumbi la usipa lililobaki chini ya kopo, nikalipaka.

Tulingoja siku ya mkutano wa hadhara. Hufanyika uwanjani, mbele ya ofisi, hatua chache kutoka geti la pili la ghala, na siku hiyo mnunuzi alikuwa amealikwa kueleza habari za msimu. Asubuhi nilivaa jinzi mbili, debe miguuni, kizibao, khanga mbili zilizokunjwa shingoni, kofia ya sufu ya mume wangu, na mwisho ile mikono. Mume wangu alisimama mlangoni. Nilidhani atanizuia. Alisema, "Mpira wa mguu wa kulia umelegea," akainama, akaukaza.

Mama mkwe alimbeba mdogo mgongoni na kumshika mkono yule mkubwa. Mtoto alilia njia nzima. Nilimwambia hatapita, atasimama tu nje ya geti na bibi yake, atazame.

Mlinzi, mzee mwembamba mwenye koti la mvua, alinitazama kuanzia kofia hadi debe.

"Mama, una kahawa?"

"Sina."

"Basi siwezi kuwashika. Ndivyo nilivyoagizwa."

"Sijakuomba uwashike, mzee wangu. Nakuomba unitazame mikono. Nimebeba nini?"

Akanitazama mikono. "Hakuna."

"Ukumbuke hivyo."

Nikaingia.

Walikuja bila kubweka. Watu hudhani mbwa hubweka kwanza; wale hawakubweka. Wa kwanza alinifuata chini, akanishika mguu wa kushoto, kwa nyuma, palepale alipomshika mwanangu, na nikasikia meno yakikwaruza bati, sauti ya kijiko kinachokomba sufuria. Nilihisi kubanwa kama kwenye mlango. Sikuhisi zaidi ya hapo. Debe lilikuwa linazuia. Ukuni wa misumari na mgomba vilikuwa vimesema kweli.

Wa pili aliruka juu, nami nikampa mkono wa kulia. Akaufunga kinywani, akautikisa nikayumba, ngumi yangu ikiwa imekunjwa ndani ya safu nne za gunia. Kisha akaacha kutikisa. Niliona macho yake yakibadilika. Akatafuna mara moja, kama anayeonja. Yule wa mguuni aliona mwenzake amepata kitu, akaachia bati, akainuka, akanusa, na kushika mkono wa kushoto. Nikawa nimesimama katikati ya ua wa kahawa, mikono imenyooshwa huku na huku, mbwa kila upande, wote wawili wanakula.

Nikaanza kutembea. Sikukimbia, na hata ningetaka nisingeweza. Nilivuta hatua, nao wakaja nami, wakirudi kinyumenyume, wakiguguna, mate yakidondoka. Mbavu zao nilizihesabu. Mbwa wakali wale walikuwa na njaa, hakuna kingine. Wanawekwa na njaa ili wawe wakali. Nikapita mizani, nikapita magunia yaliyopangwa, nikatoka geti la pili na mbwa wote wawili, nikaingia nao uwanjani.

Mkutano uligeuka wote kwa pamoja. Walionikaribia walifungua njia. Mnunuzi alikuwa amekaa kwenye kiti karibu na mtendaji, na alipoona kinachokuja alisimama, akapanda juu ya kiti.

"Shikamoo mzee," nilimwambia mtendaji.

Akavuta kiti chake nyuma.

"Anawachokoza," alisema mnunuzi kutoka juu ya kiti. "Mnaona wenyewe. Amewachokoza mbwa wangu."

"Nimepita," nilisema. "Nilikuwa napita njia."

Mlinzi alikuwa amenifuata, akihema. Watu wakamtazama. Nilijua kazi ile ndiyo inayomlisha, na sikumlaumu kama angenyamaza. Alivua kofia. "Hakuwa na kitu mkononi," alisema. "Hakuwagusa. Na bosi, samahani, wamemshikilia kwa sababu ana harufu ya samaki. Hawajala tangu juzi."

Kicheko kilichotoka uwanjani pale nadhani kilisikika bonde la pili. Mimi sikucheka. Niliita kwa sauti upande wa ghala.

Ua ulikuwa mtupu. Mbwa wote wawili walikuwa kwangu. Kule ng'ambo nilimwona mama mkwe akiinama, akamwambia mwanangu neno, na mwanangu akatazama ule ua, kulia, kushoto, akatazama tena. Kisha akaachia mkono wa bibi yake, akapita. Alipita mbio, ni kweli, lakini alipita peke yake. Uwanja ulinyamaza watu walipoona anayekuja ni nani. Alisimama mbali kidogo nami, kwa sababu ya mbwa, na mlinzi akawashika mikanda, akawavuta, wakaondoka na mikono yangu yote miwili ya gunia.

Nikafungua debe la mguu wa kushoto, nikaliweka juu ya meza ya mtendaji, upande wa nyuma juu. Mabonde manne mapya yalikuwa kwenye bati safi, mawili juu na mawili chini. Nikamwambia mwanangu aweke mguu juu ya benchi, nikamshusha soksi.

"Ulisema mguu hausemi," nilimwambia mtendaji. "Pima."

Alikuwa na rula mezani. Hakuichukua. Alitumia vidole vyake, akaviweka juu ya makovu, akaviinua bila kuvikunja, akaviweka juu ya bati. Vikaangukia mabondeni. Akarudia mara ya pili, polepole zaidi. Watu wa mbele wakawaambia wa nyuma.

Mama mkwe alikuwa amefika, mtoto mgongoni. Hakuomba nafasi ya kusema. Alisema, "Ghala hili mawe yake nilibeba mimi. Huyu, na huyu, na yule pale, tulibeba. Tulisema njia ibaki. Nani hapa hakusikia?" Wanawake waliitika, na wanaume wenye umri wake wakaitika baada yao.

Mnunuzi alishuka kwenye kiti. Alisema hakujua habari za njia, aliambiwa anakodi ghala na ua wake. Pengine ni kweli. Mtendaji akatamka kwamba mbwa watafungwa tangu asubuhi mpaka jioni, na njia itakuwa wazi kwa kila mtu, mwenye kahawa na asiye na kahawa. Mnunuzi akakubali. Watu wakaanza kupiga makofi.

"Iandikwe," nilisema.

"Itaandikwa, mama. Karani hayupo leo."

"Nipe kalamu."

Alinitazama. Nilikuwa na debe mguu mmoja, kofia ya sufu, na kizibao kilichonuka. Akanisogezea daftari la muhtasari. Niliandika nimesimama, kwa ule mwandiko niliofundishwa sekondari, herufi zinazolala upande mmoja: kwamba njia ilikuwepo kabla ya ghala, kwamba wanawake walibeba mawe kwa sharti hilo, kwamba mbwa wafungwe. Mtendaji akatia sahihi, mnunuzi akatia sahihi, na mama mkwe akaweka dole gumba, akalikandamiza mpaka wino ukatoka pembeni. Nakala iko kwenye mbao za matangazo, nyuma ya kioo. Tukipita hapo mama mkwe humwambia mtu yeyote aliyesoma amsomee, hata kama aliyesoma ana haraka.

Kahawa yetu msimu ule haikuonekana na unyevu. Ila mume wangu aliipeleka mwenyewe na kusimama pale ikipimwa, na akaniambia baadaye kwamba wakati wote mnunuzi alikuwa anachungulia nyuma yake kuona kama nimekuja.

Sasa mwanangu yuko darasa la tatu. Anapita ule ua kila asubuhi, fagio begani, na hakuna anayemshika mkono. Mbwa wamefungwa kwenye nguzo ya mizani, na siku hizi wakimwona hutikisa mikia. Nikipita, mimi na wao hatusalimiani. Hasira yangu kwao na kwa mwenye nao iko palepale, na sina haja ya kuiponya. Lakini mwezi uliopita mama mkwe aliniita jikoni, akanipa gauni la shule la mtoto, akaniambia ninuse mfukoni.

"Sisikii kitu, mama."

"Najua husikii," alisema, na akaupindua mfuko. Vikaanguka vichwa vitano vya usipa.